Kofia Zilizobaki Vichwani

Ukifika mtaa ule ukauliza uwanja wa Koplo uko wapi, hutamaliza swali. Utaonyeshwa kwa kidole, na anayekuonyesha atacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea kuishi jirani na mzee mkaidi. Uwanja wenyewe una ukuta wa matofali, lango la mabati na banda refu la mbao, na mikokoteni imepangwa mstari mmoja, mishikio yote ikitazama upande mmoja. Punda wa Koplo hubeba mchanga, matofali na mapipa ya maji kwa mafundi ujenzi wa mji mzima. Mwenyewe amekula chumvi nyingi na magoti yanamsumbua, lakini kila asubuhi, kabla mkokoteni haujafungwa, hupita banda lote akiweka kiganja kwenye mgongo wa kila punda, pole pole, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Akikuta mahali pana joto, punda huyo hatoki. Fundi atasubiri, na mwenye nyumba kama ana haraka sana abebe matofali yake mwenyewe.

Fimbo haiingii katika uwanja ule. Dereva mmoja mgeni aliwahi kuingia nayo, akajitetea kwamba ni ya kufukuzia nzi tu.

"Basi nifukuzie na mimi," Koplo akamwambia, akamgeuzia mgongo. "Nahisi kuna mmoja amenitua hapa kati. Piga."

Dereva alitoka akaiegemeza fimbo nje ya lango, na huko ikabaki mpaka ikaokotwa na mpita njia.

Wengi wanadhani cheo cha Koplo ni utani wa mtaani, kama vile watu wanavyomwita mlevi profesa. Wanakosea. Alikuwa koplo kweli, katika vita ambavyo watoto wa leo huvisoma haraka haraka ili wajibu mtihani. Vitabu vyao vinawataja majenerali mpaka na masharubu yao. Nani aliyewapandishia maji ya kuyaoshea hayo masharubu, vitabu kimya. Ndiyo maana habari hii inasimuliwa hapa, na itasimuliwa kwa majivuno, kwa sababu mwenyewe ni mtu wa kujivuna na ana haki yake.

Alijiunga na jeshi akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajadiliana kama zitoke au zisitoke. Alitaka bunduki, lakini zaidi alitaka viatu, na hivyo viatu havikuwa vyake peke yake. Vilikuwa pia vya baba yake.

Baba yake alikuwa mpagazi katika vita vya zamani zaidi, vile vya ujana wake. Alibeba masanduku ya jeshi kichwani na mabegani, pekupeku, siku zisizohesabika, mpaka hakujua tena yumo nchi gani. Hakupewa bunduki wala kofia, na vita vilipokwisha hakuna aliyemwita kusimama kwenye mstari wowote. Hakupenda kulizungumza. Ukimuuliza, alikujibu, "Nilibeba, nikarudi," kisha akauliza hali ya mvua. Lakini siku mwanawe alipotoka kuandikishwa, mzee alimkalisha kwenye kiti kilichokuwa kizuri kuliko vyote nyumbani, akamwambia jambo lake.

"Vita vikiisha watapita hapa kwa gwaride, kwenye barabara kubwa. Lazima watapita, ndivyo wanavyofanya. Nataka nikuone umo katikati yao, una viatu, na watu wamesimama wanakutazama. Sitaki kitu kingine kwako, mwanangu. Nikiliona hilo, nimeshiba."

"Utaniona, baba," kijana akasema. Aliahidi bila kupepesa macho, kama wanavyoahidi vijana.

Viatu alipata siku ya kwanza. Kisha wakapangwa mstari, na sajini akauliza nani kati yao amewahi kufuga mnyama. Kwa kiherehere chake alinyosha mkono kabla ya wote, akidhani ameitwa kwenye farasi wa maofisa. Akakabidhiwa kamba. Alipoifuata kamba mpaka mwisho wake, akakuta punda.

Alikuwa punda jike wa rangi ya majivu, mtu mzima, mwenye macho ya kulaumu. Walipotazamana vizuri alimzungukia akampiga teke la paja, na askari mpya akaketi chini ya kivuli jioni nzima akiyatafakari maisha yake. Akamwita Mama Mkwe. Alieleza kwamba huyo ndiye wa kwanza kumfanya aogope kabla hajajua amekosa nini. Jina likashika kambi nzima, mpaka kapteni wao, mtu wa maneno machache, akawa naye anasema, "Mama Mkwe amekula?"

Kikosi cha punda kilichekwa na jeshi zima. Askari wa bunduki walipowapita njiani walilia kama punda, wengine kwa ustadi mkubwa, mtu ungeapa ni punda kweli. Waliulizwa kama wake zao wana kwato. Rafiki yake, Kinyozi, ambaye kabla ya vita alinyoa watu na vitani aliendelea kunyoa watu, alikuwa mwepesi wa kujibu na akawajibu. Koplo wetu, wakati huo hajawa koplo, alikuwa akimeza tu. Usiku wa mawazo hakuwa nao, kwa sababu kazi ya punda haimwachii mtu nguvu za kuwaza, lakini mchana aliona aibu, na aibu ilikuwa na sura ya baba yake. Angemwambiaje mzee kwamba viatu amepata, ila ametumwa kuongoza mizigo?

Milima ndiyo iliyomtoa aibu. Vita vilipanda juu, malori yakafika mwisho wa barabara yakashindwa, na kutoka hapo kila tone la maji, kila mkate na kila risasi ya walioko kileleni ilipanda kwa punda. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, upande huu jabali, upande ule bonde. Mwongozaji alitembea upande wa bonde. Hiyo ilikuwa kanuni yao: mzigo ukiteleza, umwangukie mtu kabla haujamvuta mnyama. Wale wale waliokuwa wakilia kama punda sasa waliketi kileleni wakisikiliza kwato, kama mtu mwenye njaa anavyosikiliza sufuria jikoni.

Siku moja walimshusha askari aliyejeruhiwa tumboni, na mwenyewe alikuwa bingwa wa kulia kama punda kuliko wote. Mama Mkwe alimbeba. Hakuna aliyemfundisha, lakini siku ile alikuwa akijaribu kila jiwe kwa ukwato kabla ya kulikanyaga. Walipofika chini majeruhi aliomba ainuliwe kichwa, akamtazama yule punda kwa muda.

"Mwambie asante," akasema.

"Mwambie mwenyewe. Anasikia."

Yule askari akamwambia, kwa sauti ndogo, na akapona, na tangu siku hiyo hakuna aliyelia tena kama punda mbele ya kikosi kile. Baadaye kidogo mwongozaji wa Mama Mkwe akapewa ukoplo. Alishona alama ya cheo mwenyewe, ikakaa upande, na akaiacha hivyo hivyo kwa sababu alikuwa na haraka ya kuonekana nayo.

Sasa kuna desturi moja ya kikosi kile ambayo lazima ielezwe, kwa kuwa ndiyo iliyobeba mambo yote yaliyofuata. Hakuna ofisa aliyeiweka. Mwanzoni mwa vita mwongozaji mmoja alilazimika kumpiga risasi punda wake mwenyewe aliyevunjika mguu. Risasi ya kwanza ilikwenda kombo na ya pili pia, na mtu yule hakuwa tena mtu wa kazi. Waliobaki wakakubaliana wenyewe, wakiwa wamechuchumaa kwenye moto wa chai. Kuanzia siku hiyo hakuna atakayemuua punda wake. Mnyama akifikia mahali pasipo na tiba, mwongozaji wake atakwenda kwa mwenzake, atavua kofia, na atasema neno moja: "Nisimamie." Mwenzake hatakataa. Mwenye punda atarudi, atashika kichwa, atafunika jicho kwa ile kofia na kuzungumza na mnyama wake maneno yoyote aliyonayo, na mwenzake atafanya kazi. Na mtu ambaye hajaombwa, hata akiwa nani, hana ruhusa ya kumgusa mnyama wa mwenziwe. Hivyo basi, ukimwona mtu wa kikosi kile anakujia kofia mkononi, moyo ulikuwa unakushuka hadi miguuni kabla hajafungua mdomo.

Kapteni mwenyewe alikuja hivyo siku moja. Farasi wake alikuwa ametumbukia kwenye korongo na miguu ya mbele ilikuwa imekwisha. Angeweza kutoa amri, angeweza kumtuma yeyote. Alitembea kutoka korongoni mpaka kwa Koplo, akavua kofia, nywele zake chache zikapepea, akasema, "Nisimamie." Koplo akaenda. Kapteni akapiga magoti kwenye matope, akafunika jicho la farasi, akamwambia mambo ambayo Koplo aliyasikia na hajamsimulia mtu hadi leo. Ilikwenda risasi moja. Walirudi kambini, na kapteni hakumpendelea Koplo wala kumchukia kwa jambo lile.

Wakati wa likizo Koplo alirudi nyumbani, na mzee akaomba viatu vyake avipige rangi. Mtoto alikataa, mzee akakazania. Koplo akakaa amejikunyata, anamtazama baba yake ameinamia viatu vya mwanawe, akivipaka, akivisugua, akivipulizia pumzi. Wakati huo alikuwa ameshamweleza kazi yake, kwa hofu. Mzee alisikiliza, kisha akauliza kama watu wa punda nao watakuwemo kwenye gwaride.

"Tutakuwemo, baba. Kapteni ameahidi tutatangulia."

"Basi vizuri," mzee akasema. Dada yake Koplo alisema baadaye kwamba baada ya likizo ile mzee alipita barabara kubwa mara nyingi akichagua mahali pa kusimama. Alipapata karibu na posta, penye ngazi, ambapo mtu mfupi anaweza kuona juu ya vichwa.

Vita vikaisha. Jeshi likakusanyika mtoni kurudi, na gwaride likapangiwa siku yake. Malori, mizinga na watu vilivushwa kwa pantoni, nayo ilikuwa ndogo na ikinguruma kama inayolalamikia kazi. Asubuhi ya siku ambayo kikosi cha punda kilikuwa kivuke, amri ikashuka kutoka makao makuu. Wanyama wasivuke. Nafasi hakuna, na huko ng'ambo hawatakiwi, wasije wakaingiza maradhi ya vitani. Wapigwe risasi wote, watu wapande malori, malori yaondoke mchana.

Kapteni aliisema amri hiyo akiwa anatazama mto. Alipomaliza akaongeza, "Kila mtu anajua la kufanya."

Hapo amri ikakwama. Ni kweli kila mtu alijua la kufanya: kuvua kofia, kwenda kwa mwenzake, kuomba. Basi wakasimama, kila mmoja kwenye kichwa cha punda wake, kofia imekaa sawasawa, wakisubiri nani ataanza. Jua lilipanda. Wanyama walikuwa wakipunga mikia na kupumua. Kinyozi, jasho likimwingia machoni, alijisahau akavua kofia ajifute uso, na kikosi kizima kikamgeukia kwa macho ambayo hatayasahau. Akairudisha kichwani upesi, ikakaa kinyume.

Sajini wa kikosi cha jirani, mwenye haraka zake, alikuja kutoa msaada. Alisema vijana wake wanaweza kuimaliza kazi hii wakati maji ya chai yanachemka.

"Hawa hawaguswi na mtu ambaye hajaombwa," kapteni akamwambia. Sajini akaondoka akitikisa kichwa.

Koplo alijua macho mengi yanamtazama yeye. Akianza yeye, wengine watafuata, kwa kuwa ndiye koplo wao. Itakuwa kelele ya muda mfupi, kisha lori, kisha gwaride, na pale penye ngazi za posta mzee mfupi atanyosha shingo aone viatu. Alimwona baba yake waziwazi. Alimtaka baba yake ashibe. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye ukingo wa kofia, ukakaa hapo, na Mama Mkwe, ambaye katika miaka yote ile hakuwahi kumbembeleza mtu, alikuwa anatafuna nyasi zake bila habari. Hakuwa na shaka na mtu aliyesimama naye. Koplo akaikandamiza kofia chini, ikabana masikio.

Akamwendea kapteni, akapiga saluti.

"Afande, mimi siombi."

"Naona."

"Juu ya mto kuna mahali wenyeji wanavusha ng'ombe kwa miguu. Nipe ruhusa nipite nao huko, niwarudishe nyumbani."

"Unajua gwaride ni lini, Koplo?"

"Najua, afande."

"Hutafika."

"Najua hilo pia."

 Huko nyuma pantoni ilikuwa inanguruma. "Wewe ulinisimamia," kapteni akasema. "Leo nami nakusimamia. Atakayetaka kuuliza habari za amri hii, aniulize mimi. Anayetaka kutembea na wewe, namwachisha jeshi hapa hapa, kwa heshima zake zote. Chukueni unga na chumvi stoo."

Wachache, wale ambao hawakuwa na mtu wa kumwahi nyumbani, walibaki naye. Kinyozi hakubaki. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto ambaye yeye hajamwona, huko mji mwingine kabisa. Alileta kamba ya punda wake akiwa ameinamisha macho.

"Nenda kamwone mtoto," Koplo akamwambia. "Huyu wako ana miguu minne, atafika. Na geuza hiyo kofia, unaonekana kichekesho."

Wengi wakaleta kamba zao vivyo hivyo, na malori yakaondoka mchana bila mlio wa risasi hata mmoja.

Safari ya kurudi ilichukua wiki nyingi, na kilichowashangaza watu wa njiani kilikuwa kimoja. Punda walitembea mgongo mtupu. Unga, chumvi, sufuria na mablanketi vilikuwa mabegani mwa watu. Hawakuwa wamepanga hivyo. Asubuhi ya kwanza mmoja alimwinulia punda gunia, akasita, akalirudisha begani kwake, na wengine wakamwiga. Wanawake kisimani waliwacheka mpaka wakakaa chini. Wazee waliwauliza kwa upole kama vita vimewagusa kichwa. Watu wazima waliobeba mizigo, wamewazunguka punda wasio na kitu! Koplo aliwasalimia wote, akapita. Viatu vyake vilikufa nusu ya njia. Kimoja kilifungua mdomo, kingine kikaacha soli kwenye tope, na akaendelea kwa miguu yake ya kuzaliwa nayo.

Gwaride lilikuwa limeshafanyika zamani. Dada yake alikuwepo, na ndiye aliyekuja kusimulia. Mzee alifika alfajiri, akapanda ngazi ya pili ya posta akiwa na shati lake jipya. Kila mstari ulipopita aliinua kidevu. Mstari wa mwisho ulipopita alishuka, akamfuata askari mmoja akamuuliza kwa adabu habari za mwanawe, koplo wa punda.

"Huyo?" yule askari akacheka. "Alikataa amri, mzee. Alibaki na punda wake."

Waliosimama karibu wakasikia, na jioni mtaa mzima ulikuwa unasema fulani kabaki na punda, wengine wakatia chumvi kwamba ameoa huko huko. Mzee alirudi nyumbani, akalikunja lile shati. Hakwenda tena kuketi na wenzake dukani kwa fundi cherehani.

Koplo alikuwa hajasimuliwa hayo bado, lakini alipofika ukingoni mwa mji, alijua anachokiendea. Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko. Wenzake walishauri wapitie nyuma, kwenye njia ya machinjio, watu wasiwaone. Koplo aliwasimamisha kwenye bomba la barabarani. Waliwaosha punda matope, wakawasugua migongo kwa majani makavu, wakanyosha kofia zao, wakapanga mstari. Kisha akamwongoza Mama Mkwe, upande wa kushoto, mkono shingoni, gunia begani, pekupeku, akaingia barabara kubwa.

Watu walicheka, kwa kweli walicheka. Mtu mmoja alipaza sauti, "Gwaride la punda hilo," na soko likavunjika mbavu. Koplo hakugeuka. Alitembea kwa hatua ya jeshi, taratibu, na waliokuwa nyuma yake wakaishika hatua hiyo. Walipofika kwenye posta kelele ilikuwa imepungua, kwa sababu ni vigumu kuendelea kumcheka mtu asiyekusikia.

Baba yake alitoka kwenye uchochoro wa nyumba yao, dada akimfuata. Alikuwa amesikia. Alisimama katikati ya barabara na mstari wote ukasimama.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitika. Alimtazama mwanawe kuanzia chini: miguu iliyopasuka, suruali iliyokatika, gunia. Alikawia sana kwenye gunia.

"Nilitaka nikuone na viatu," akasema. "Unanijia pekupeku, umebeba mzigo. Hivi ndivyo nilivyorudi mimi."

Koplo alilirekebisha gunia begani.  

Mzee akageuza macho kwa Mama Mkwe. Akasogea, akaweka kiganja mgongoni pake, mahali ambapo mzigo ulikuwa umemla na nywele zikaota nyeupe. Akakipitisha pole pole. Alijua anachokigusa, maana mabega yake mwenyewe yalikuwa na makovu kama hayo.

"Na hawa mbona hawana kitu?"

"Vita vimekwisha, baba. Wamebeba vya kutosha."

Mkono wa mzee ulisimama pale ulipokuwa. "Waliwaambia muwaache?"

"Walituambia tuwaue. Mtoni."

"Mtoni," mzee akarudia.  "Sisi walituacha mtoni," akasema, neno ambalo hata mkewe marehemu hakuwahi kulisikia. "Walisema pantoni itaturudia. Tukakaa ukingoni tunaingojea. Wenzangu wengi wamelala pale pale."

"Na mizigo mliyokuwa mmebeba?" Koplo akauliza.

"Mizigo ilivushwa."

Kisha akanyosha mkono, akaichukua kamba ya Mama Mkwe kutoka kwa mwanawe. Punda yule, ambaye hakuwahi kukubali mgeni, alimnusa tumboni, akamwacha.

"Marahaba," mzee akasema. "Nyosha mgongo. Watu wanatazama."

Wakaondoka. Mzee alitangulia na kamba, mwanawe ubavuni pake, na punda wote nyuma yao, wakalipita soko lote mpaka mwisho, kisha mzee akawageuza wakalipita tena. Kila aliyesimama mlangoni, fundi cherehani, muuza mkaa, hata wale waliocheka, mzee alimwinulia kidevu, akamwonyesha mwanawe kwa kidole, akamwambia kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake: "Huyu mwanangu. Hakumwacha mtu."